Umeme wa Korosho

Nakiri mwenyewe kabla wanafunzi wangu hapa Lindi hawajanitangaza. Profesa aliyenifundisha chuoni alinipa utepe wa plastiki inayopitisha umeme niupime. Ukipashwa moto upande mmoja hutoa umeme, ila kidogo sana. Wangu ulirusha mshale wa mita ya umeme hadi mwisho. Nikamwandikia kwamba nimegundua jambo, nikanunua na suti ya mtumba ya kupigia picha.

Profesa akaja. Nilimwamkia, nikamsogezea bakuli la korosho za chumvi, ambalo halikosekani mezani ninapofanya kazi. Nikaupasha utepe moto. Mshale ukaruka, kisha ukaanza kushuka taratibu.

"Umeme wa joto haushuki na joto lingalipo," alisema. "Hiyo ni tabia ya chumvi ikipata unyevunyevu wa pwani."

Akausuuza utepe, akaukausha, akaupasha tena. Mshale ukatikisika kidogo tu, ukatulia palepale.

"Hebu nione mikono yako, mwalimu."

Nikainyoosha. Vidole vyote kumi vilikuwa vimegandwa na chumvi. Akachukua korosho moja, akaitafuna polepole.

"Ugunduzi wako mtamu, mwanangu," alisema. "Niongezee."