Tufe la Mzee Isaburo

Simu ilipolia, Chizuru alikuwa ameshika tufe la mwani la baba yake, mpira hai wa nyuzi za kijani zinazokua majini, maji yakimchirizika hadi viwikoni. Ilikuwa siku ya kusafisha tangi. Maji ya zamani alikwisha kuyamwaga, na wale kamba wadogo wanaoishi kwa kuchokoa uchafu wa tufe na kujificha chini yake walikuwa kwenye chupa. Akalitumbukiza tufe katika beseni la mbao bafuni, lenye maji baridi, akalifunika kwa taulo jeupe ili jua la dirishani lisilichome, ndipo akapokea. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba baba yake, mzee Isaburo, amefariki asubuhi hiyo.

"Asante," Chizuru alijibu, kama mtu aliyeletewa kifurushi. Kisha akaketi sakafuni, akawa anataja jina la Buddha Amida mpaka sauti ikamkauka.

Isaburo hakujulikana nje ya mji wao wa kando ya Ziwa Akan, kaskazini mwa Japani. Matufe ya ziwani humo, yale makubwa kama kichwa cha mtoto, hayaguswi; serikali iliyalinda kabla hata yeye hajazaliwa. Kwa hiyo maisha yake yote aliketi nyuma ya duka la zawadi, akiviringisha kwa viganja nyuzi za mwani zilizotoka ziwa jingine, ili wageni waondoke na tufe kwenye chupa, ishara ya mapenzi yasiyokatika. Mdogo wake Genzo hakuchoka kumtania.

"Kaka na mdudu wa mavi kazi yao moja," alizoea kusema akipita. "Ila mdudu hupumzika."

"Na mdudu hana mdogo wa kumsumbua," Isaburo alikuwa akijibu bila kuinua macho.

Katika yote aliyoviringisha, alijiwekea moja tu, la wiki aliyomwoa Mineko. Mineko alipofariki, tufe lilikuwa limefikia ukubwa wa chungwa. Mzee alilitunza kama mgonjwa: maji baridi, kivuli, kulikamua taratibu litoe uchafu, kuligeuza ili kila upande uonje mwanga. Hospitalini neno lake lilikuwa moja. "Siku ya kuniaga, liwe kando ya picha yangu, na liwe bichi. Mama yako anitambue kwalo." Chizuru aliahidi.

Mchana maiti ililetwa nyumbani, na jamaa wakaanza kuandaa maji ya kuiosha. Siku zote mtu huanza na maji ya moto, ndipo akayapoza. Ya marehemu hupinduliwa: baridi kwanza, ya moto juu yake. Genzo akaingia bafuni na birika linalofoka, miwani mfukoni. Akaona beseni limefunikwa taulo jeupe, akainua pembe moja, akaona maji. Akadhani wanawake wamekwisha kutayarisha ya baridi. Akamimina.

Alipotia mkono kupima joto, vidole vyake viligusa kitu laini.

"Chizuru," aliita. "Mwanangu, hebu njoo."

Chizuru alifika, akaona mvuke, akajua. Alilinyakua tufe, akakimbilia jikoni na kulilaza ndani ya maji ya bomba.

"Nimefanya nini?" Genzo aliuliza mlangoni.

"Sijui bado, baba mdogo. Mwani hausemi siku hiyohiyo."

"Mwambie mtu mwingine akamwoshe kaka. Mikono hii imeharibu vya kutosha."

"Utamwosha wewe. Anakusubiri."

Wakamwosha pamoja, Genzo akipangusa miguu ya kaka yake bila mzaha hata mmoja, na hilo peke yake liliwatisha waliomjua.

Kulipokucha tufe lilikuwa limepauka upande mzima, rangi ya chai iliyomwagiwa maziwa. Mazishi yalikuwa kesho yake. Chizuru alilibonyeza: juu paliteleza kama ute na kunuka dimbwi. Baba yake alimfundisha kwamba uzi ulio hai hukwaruza kidogo na kusukuma kidole. Uliokufa hukubali tu. Dawa ilikuwa kulifungua na kuondoa nyuzi zilizokufa. Lakini kama moto ulifika katikati, kulifungua kungekuwa kulimaliza kwa mikono yake mwenyewe.

"Liache hivyohivyo," Genzo alisema. "Tugeuzie wageni upande mzuri."

"Na mama je, tumgeuzie upande gani?"

Genzo akasogea mezani. Akavuta kiti, akavaa miwani, akashika bakuli.

Chizuru alisali, kisha akaanza kuchambua. Nyuzi zilizokufa zilitoka kwa mafungu, naye Genzo akazipokea. Tabaka la kwanza, la pili, bado kahawia. Chizuru akalirudisha majini.

"Endelea, mwanangu," Genzo alisema kwa sauti ya chini. "Kaka aliviringisha hili kwa kubana sana. Mkaidi yule."

Chini ya tabaka lililofuata kidole cha Chizuru kikakwaruzwa. Akalisogeza dirishani. Kijani, kijani kibichi, kisichoteleza ingawa kililowa. Akamwonyesha Genzo, naye akavua miwani kupangusa macho.

Kilichobaki alikiviringisha viganjani, akakizungushia uzi wa pamba ili nyuzi zishikane. Likawa kama yai la kuku. Nyuzi zilizokufa Genzo alizifunga katika karatasi nyeupe.

Siku ya kuaga, mtawa alisoma visomo, na tufe lilikaa kando ya picha, ndani ya bakuli la maji baridi lisilofikiwa na joto la mishumaa. Watu walijaza maua jenezani. Genzo aliweka kile kifurushi karibu na kiganja cha kaka yake.

"Kazi yako hii. Kaiviringishe upya," alimwambia.

Jeneza likafungwa, likapelekwa kwenye tanuru la kuchomea maiti, nao wakasubiri wakinywa chai. Walipoitwa, walisimama wawili wawili na vijiti, wakiokota mifupa kuanzia miguuni ili mzee akae wima ndani ya chungu cha mifupa yake. Mfupa wa koo, wenye umbo la Buddha aliyeketi, uliachwa mwisho. Chizuru alishika upande mmoja, Genzo upande mwingine, wakauinua pamoja na kuuweka juu. Chungu kikafunikwa. Chizuru alikibeba mapajani mpaka nyumbani, wakakiweka kando ya bakuli la tufe, wakainamisha vichwa.