Mwalimu Anayefuata Madaftari Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kamaldine Asani amesimama uani kwake Kasongo, chai mkononi, lakini hainywi. Kwa mara ya tatu anamuuliza dereva wa pikipiki kama tangi limejaa. Leo anakwenda Wamaza kusahihisha somo lake mwenyewe, nami nafuatana naye kuandika habari hii.

Kamaldine, mwenye miaka 41, ni mwalimu wa Kiingereza. Kwa miaka tisa aliwafundisha wanafunzi kuandika "water are" na "milk are". Mimi simcheki. Sisi husema maji yanachemka, maziwa yameharibika. Nani angedhani Waingereza huyachukua kama kitu kimoja?

Mwezi uliopita alipata kitabu cha sarufi. Aibu ikamshika, usingizi ukamtoroka.

"Kwa darasa yangu nilisahihisha siku ile ile," anasema. "Lakini makaye iko inatembea."

Kaye ndiyo daftari. Vitabu ni adimu, hivyo mwanafunzi hunakili kila kitu, akimaliza shule humwachia mdogo wake. Kwa siku kumi na nane Kamaldine amezunguka nyumba 31 na kalamu nyekundu.

Limebaki daftari moja linalomnyima raha. Ni la Feza, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa anafundisha Wamaza kwa daftari hilo hilo. Wanafunzi wake 43 wana mtihani Jumatatu.

Njiani tope linatushusha mara mbili. Kamaldine anasukuma pikipiki huku akitazama saa.

Feza anampokea kwa heshima, anasikiliza, kisha anainamisha kichwa.

"Mwalimu, watoto watasema niliwadanganya."

"Watasema mimi. Acha niingie."

Darasani haketi. Anatembea kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ile kosa iko yangu, haiko ya Madame Feza. Yeye aliandika vile mimi nilisema."

Anaandika "water is". Vichwa 43 vinainama, kalamu zinakata mistari. Feza naye anakata wake, na kwa mara ya kwanza leo Kamaldine anatabasamu. Mwaka ujao, ananiambia, anataka kuchapisha kijitabu chembamba, kila mtoto awe na chake.

Msichana wa mbele, Emmanuella, anainua mkono.

"Mwalimu, na kaye ya dada yangu? Aliikopia kwa Madame. Iko nayo kule Salamabila, anafundisha watoto wa jirani."

Tabasamu linakwisha. Kamaldine anachungulia dirishani, anamwita dereva.

"Mafuta itafika Salamabila?"