Sauti ya Mama Kwenye Filamu

Watu wakisikia natunga muziki wa filamu, hufikiri mimi hushinda nikipigwa picha na mastaa. Wapi! Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo hapa Eldoret. Magodoro yamegongelewa ukutani, na trekta likipita barabarani inabidi nisimame nianze upya. Humo nimetunga muziki wa podikasti, wa vipindi vya televisheni, hata wa tangazo la mbolea. Na hakuna kazi iliyonichoma roho kama ile filamu ya wafugaji.

Sisi tuna tabia moja katika kazi hii. Kabla muziki wenyewe haujakamilika, unaweka sauti yoyote ishikilie nafasi, ndiyo dairekta asitazame picha kimya kimya. Basi nikaenda nyumbani, kijijini Ziwa, nikamrekodi mama akikamua. Yeye humwimbia ng'ombe wake mweusi. Asipomwimbia, haachilii maziwa. Katikati ya wimbo alikohoa, akamkaripia ng'ombe aliyemchapa na mkia, akaendelea kuimba. Nilinuia kutafuta mwimbaji baadaye. Lakini nilipousikia ukienda na picha zile za wafugaji alfajiri, nikaacha kutafuta. Haki ya Mungu, sijawahi kutoa kitu kizuri hivyo, na hata sikukitunga mimi.

Dairekta, kijana wa Nairobi, akanipigia simu. "Bro, hii ni moto! Imenitoa machozi."

Mimi na mdomo wangu huu, siku hiyohiyo nikamwambia mama atasikika kwenye televisheni. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Na kile kikohozi?"

"Hata hicho, mama."

Wiki tatu kabla ya filamu kuonyeshwa, nikaletewa nakala ya mwisho. Sauti ya mama haimo. Msichana fulani wa studio ya Nairobi anaimba wimbo uleule, anasoma lugha yetu kwenye karatasi, na nyuma yake ngoma zinapigwa du-du-du. Ngoma! Nani kwetu hukamua na ngoma? Ng'ombe angevunja ua akimbilie mji wa Soy.

Nikampigia dairekta. "Tumeboresha tu kidogo, msee," akasema. "Kwani ile yako si ilikuwa ya kushikilia nafasi?"

Akufukuzaye hakwambii toka. Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akangoja nimalize, kisha akaniambia kwa upole kwamba filamu imeshafungwa, haibadilishwi tena, na nisiiweke sana moyoni. Nisiiweke moyoni! Mama yangu mzazi!

Lakini niliyemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe. Wiki hizo tatu niliongea na mama karibu kila siku, tukazungumza mahindi, mvua, goti lake linalomuuma, na sikumwambia. Nilijidanganya kwamba pengine atasahau. Asahau nini! Jumapili alasiri, siku ya filamu kuonyeshwa kwenye televisheni, nilipofika nilikuta amejaza sebule akina mama wa kanisa, chai imeiva, na yeye amejifunga kile kitambaa chake cha harusi kichwani.

"Leo mtanisikia," alikuwa akiwaambia.

Nilitaka kumvuta jikoni nimwambie. Badala yake nikapokea kikombe cha chai, nikaketi. Filamu ikaanza, zikaja ngoma, kisha yule msichana.

Mama aliinamisha kichwa akasikiliza mstari wa kwanza, akasikiliza wa pili. Halafu akanitazama, na nikajua ameelewa yote, hata zile wiki tatu nilizomficha. Jirani mmoja akauliza, "Dada, kwani huyu ni wewe?"

"Ni mimi," mama akajibu, macho yake bado kwangu. "Kijana wangu ana mashine huko studio, husafisha sauti. Si mnaona amenirudisha kuwa msichana?"

Wakacheka, wakapiga makofi. Mmoja akainuka akanishika mkono, akasema Mungu aniongezee kipaji. Nami, mshenzi mimi, nikasema asante.