Mkalimani Aliyelainisha Neno Gumu Gerezani

Saa mbili asubuhi, Kasuku anamwaga mkoba wake juu ya meza ya ofisi. Simu, kioo, funguo za nyumba, peremende. Anabaki na leso na kitambulisho tu. Dereva anamtazama huku akicheka.

"Dada, hata peremende?"

"Hata peremende. Ukimpa mfungwa mmoja, mwenzake atauliza yake iko wapi. Mwisho hata mlinzi atanyoosha mkono."

Nje, gari jeupe linaunguruma. Leo linavuka mpaka kwenda kwenye gereza la wafungwa wa vita, gereza lilelile ambako miezi mitatu iliyopita Kasuku na wenzake waliondoka mikono mitupu. Kosa, anasema mwenyewe bila kuzunguka, lilikuwa la ulimi wake.

Kasuku ni jina la kubandikwa. Alibandikwa na askari magereza mmoja aliyechoka kumsikia akirudia kila kinachosemwa. Wenzake wakalidaka, naye hakununa. "Kasuku hasengenyi," anasema. "Anarudisha alichosikia, basi."

Ni mkalimani wa shirika la misaada lisilo la serikali yoyote. Nchi mbili jirani zilipigana. Bunduki sasa zimenyamaza, lakini balozi zimefungwa na wakubwa hawapigiani hata simu. Kila upande unawashikilia askari wa mwenzake. Hata hivyo, zote mbili zimetia sahihi mkataba wa kimataifa wa kulinda wafungwa wa vita, na zote mbili zimekubali shirika hili liwatembelee. Kasuku ni wa nchi ya tatu, hana upande katika ugomvi huo. Ndiyo maana anafunguliwa mlango huku na huku.

Lugha za majirani hao alizipata sokoni alipokuwa akiuza mitumba. "Mteja akilalamikia bei, lazima umwelewe. Akikutukana, lazima umwelewe zaidi." Lugha ya wageni wa shirika aliianza sekondari, akaimalizia jioni baada ya kufunga kibanda. Hulipwa kwa siku ya safari. Mwezi usio na safari, nyumbani kwake hakuna anayeuliza kwa nini mboga imekuwa ileile.

Katika chumba kilicho chini ya chake anaishi mshonaji, mama mkimbizi aliyekimbia vita hivyo. Mwanawe alitekwa mapema, na kwa karibu miaka miwili hakusikika. Kasuku hajawahi kumwona kijana huyo, lakini cherehani ya mama yake anaisikia kila siku kupitia sakafu.

"Nilipoingia gerezani siku ile, cherehani ile ilikuwa bado inalia kichwani mwangu," anasema. "Hapo ndipo nilipoponzeka."

Utaratibu wa shirika ni mmoja: mfungwa huongea na wageni bila mlinzi kuwapo. Mtu hawezi kusema amepigwa huku aliyempiga ameketi kando yake. Na kama hata mfungwa mmoja hawezi kuonwa hivyo, haonwi yeyote.

Siku ile mkuu wa gereza aliwapokea vizuri, akaagiza chai. Kisha akasema sajini wake atakaa ndani wakati wa mazungumzo. Kiongozi wa msafara, bwana mrefu mpole kutoka nchi ya mbali, akajibu kwa lugha yake: "Basi hatutamwona hata mmoja. Tunaondoka."

Kasuku akamwambia mkuu wa gereza, "Anasema ingependeza zaidi kama sajini hatakuwepo."

"Ingependeza!" mkuu akatabasamu. "Na mimi ningependa mengi, bibie. Haya, kunyweni chai."

Viti vikaletwa. Mfungwa wa kwanza akaingia, na sajini akajivutia kiti. Kiongozi akamgeukia Kasuku taratibu. "Ulimwambia nilichosema?"

"Nililainisha."

"Mwambie sasa. Kama nilivyosema."

Akamwambia, akaongeza kwamba kosa ni lake. Tabasamu la mkuu likafutika.

"Kumbe ni wajanja! Nyie si serikali. Hamna jeshi, hamna hata mgambo wa kulinda geti. Mnanitisha kwa lipi?"

Safari hii Kasuku hakudondosha neno. Wala jibu la kiongozi hakulipunguza: "Hatukutishi, afande. Mkataba una sahihi ya nchi yako, si yetu. Sisi tunaondoka tu, na tutawaambia waliotia sahihi kwa nini tumeondoka."

Mfungwa aliyekwisha kuketi akainuliwa na kurudishwa alikotoka. Alikuwa ameanza kufungua mdomo. Kasuku akifika hapo katika kusimulia, hukunja leso yake mara mbili.

Garini alisema yuko tayari kuacha kazi. Kiongozi alikataa. "Leo umenipunguzia neno kwa huruma," alimwambia. "Kesho mwingine atakuomba uongeze kwa hasira. Ukiweza kukataa yote mawili, baki."

Akabaki. Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mshonaji alimdaka ngazini. "Umemwona mwanangu?"

"Mama, siruhusiwi kusema nimemwona nani wala sijamwona nani."

"Una ulimi wa kukodisha," mama akamjibu. "Wa jirani yako huna."

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa wiki kadhaa walipitana ngazini bila salamu.

Wakati huo shirika lilikuwa likienda na kurudi kwenye makao makuu ya nchi zote mbili. Halikupeleka malalamiko kwenye magazeti. Lilikumbusha jambo moja tu: kwa upande wa pili nako kuna vijana wa nchi yenye gereza lile, nao wanaonwa bila mlinzi. "Nguvu yetu ni kuaminiwa kote," anasema Kasuku. "Tukikubali nusu mlango huku, na kule watatufungulia nusu. Wataumia watoto wa watu wa pande zote." Mwishowe amri ikashuka kutoka juu: sajini akae nje.

Amri ni jambo moja, geti ni jingine. Ndiyo maana asubuhi hii dereva ameacha kucheka gari linapokaribia mpaka.

Gari linarudi jua likiwa limeinama. Kasuku anashuka sauti imemkauka, lakini anatembea kama mtu aliyetua mzigo.

"Wote," anasema. "Mmoja mmoja, mlango umefungwa."

Waliyoyasema wafungwa hayasimulii. Anachosimulia ni mkuu wa gereza, aliyewapokea kwa uso wa ndimu. "Mwambie huyu mrefu wako ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia!" Kasuku akafasiri, jiwe na kusagia kwake. Kiongozi akajibu, "Mwambie nimekirithi kwa mama yangu." Mkuu akajizuia, akashindwa, akacheka. Sajini akabeba kiti chake mwenyewe akatoka.

Siku tatu baadaye, ofisi ya shirika inamwita mshonaji akachukue ujumbe kutoka gerezani. Anarudi mbio, anapanda ngazi na kugonga mlango wa juu kwa viganja vyote viwili.

"Yu hai! Kasema nisiuze cherehani, eti nimsubiri anunue nyingine!" Anampiga Kasuku begani. "Na wewe ulijua! Umenipita siku tatu na uso mkavu kama ukuta!"

"Nilijua nini, mama?"

"Nenda zako! Mwanamke mgumu wewe." Analia, anacheka, anamshika mkono na hauachii. "Nilikutukana, mwanangu."

"Nilisikia. Kaa, tunywe chai."

Sasa shirika linazungumza na serikali zote mbili ili zibadilishane wafungwa kwenye daraja la mpakani. Haijakubaliwa. Kasuku hana shaka kwamba itakubaliwa, na tayari ameomba kazi siku hiyo. Pia anawafunza wakalimani wawili wapya, mmoja wao muuza mitumba mwenzake wa zamani.

"Maafisa watasomeana majina, na hayo nitayafasiri yote," anasema. "Lakini vijana wakishavuka, mimi nitasogea pembeni nipumzishe koo. Mama akikutana na mwanawe, mkalimani wa nini?"