Ekrani ya Kipimo cha Directeur

Juma hili mvua ilinisukuma ndani ya duka la vyombo vya bureau, vya ofisi, hapa Bukavu. Niko na licence ya université, kazi sina, basi naangaliaga kazi za wengine. Directeur mumoja alikuwa anachagua ekrani ya ordinateur, ile kompyuta, pamoja na dactylo wake wa kupiga barua, maman wa miwani mizito.

Ekrani zilikuwa mbili. Ile ndogo iliandika kijani, herufi zimetulia. Ile kubwa ilikuwa na rangi, ila herufi zilitetemeka kama mugonjwa wa malaria.

"Directeur, tuchukue hii ndogo," maman akaomba. "Ile kubwa itamaliza macho yangu. Ni mimi nitaiangalia muchana yote."

"Maman, service yangu ni ya ekrani ndogo? Hii kubwa iko na jeux za kucheza, hata match ya mupira itapita!" Akaipapasa mugongoni kama mbuzi wa mahari.

Maman akavua miwani, akaifuta polepole na pembe ya liputa yake, kitenge cha kiunoni.

"Haya, Directeur. Lakini itakaa ku meza yangu, pale mulangoni. Mugeni akiingia, atajua mukubwa ni nani? Atanisalimia mimi kwanza: Bonjour, citoyenne Directrice!"

Mukono wa Directeur ukaruka kutoka ku ekrani kubwa.

"Citoyen," akamuambia muuzaji, "nifungie ile ndogo, naichukua. Vite, haraka!"

Na sisi wenye diplôme tunazungukaga ma-bureau tukieleza namna kazi itaendelea vizuri tukiingia. Ovyo! Chef haogopi kazi iharibike. Anaogopa kusalimiwa wa pili.