Severa Aenda Guangzhou Mwenyewe

Severa anauza mapazia Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio akiwa mtoto kule Rombo, na tangu hapo anatembea kwa magongo. Kwa miaka mingi mzigo wake aliuagiza kupitia Abbasi, wakala anayekwenda mji wa Guangzhou, China, kuwanunulia watu bidhaa. Severa alimpa picha za anachotaka, lakini kontena likifika bandarini yalitoka mapazia mengine kabisa, mepesi kama chandarua, rangi ambazo hata mteja anayepewa bure angezikataa.

Mwaka jana ilipotokea tena, alitangaza kwamba safari ijayo ataenda mwenyewe.

Walikuwa kwenye kibanda cha chai, yeye na Abbasi, mzee Nurdin wa vifaa vya umeme, na Zamzam anayeuza mikoba. Hao watatu walishafika kwenye ule mji, kwa hiyo ushauri ukaanza kumiminika. Nurdin alimwambia abebe kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina, kwa sababu dereva wa teksi ukimtajia jina kwa mdomo hakuelewi. Zamzam alimsisitiza apakue kabisa programu ya kutafsiri kabla hajaondoka, maana kule programu nyingi za nje, hata WhatsApp, hazifunguki hivi hivi.

Abbasi alisubiri wamalize.

"Dada Severa, nakuheshimu," alisema. "Ila ule mji si wa magongo. Masoko ni ghorofa, barabara unavuka kwa madaraja ya juu. Ukianguka nani atakubeba?"

"Hapa Kariakoo nani ananibeba?"

"Hapa ni nyumbani."

"Nyumbani kwenye mitaro wazi na bodaboda zinazopanda mpaka kibarazani. Nimepaweza. Sema lingine."

Abbasi alirudi kwenye chai yake.

Severa alisafiri na Zamzam. Kuhusu ngazi, Abbasi hakuwa amedanganya. Siku ya kwanza tu makwapa yalichubuka, na kwenye daraja moja ilibidi akae kitako, apande ngazi moja moja kwa mikono huku Zamzam amemshikia magongo. Kijana mmoja aliinua simu amrekodi. Severa aliacha kupanda, akamkazia macho mpaka simu ikarudi mfukoni.

"Rudi hotelini upumzike," Zamzam alimwambia. "Nipe picha, nikuchagulie."

"Ndiyo maneno ya Abbasi hayo."

Sokoni kulikuwa na lifti ya mizigo. Mlinzi alimkatalia, akamwonyesha ngazi. Severa hakwenda kwenye ngazi. Alisimama mbele ya mlango wa lifti, vijana wenye matoroli wakajazana nyuma yake wakilalamika, naye hakusogea. Mwishowe mlinzi mwenyewe akabonyeza kitufe.

Juu alipita duka kwa duka. Alivuta kitambaa, akakiinua kwenye mwanga, akakifinya kiganjani aone kama kinajikunja. Vingi alivikataa. Alipopata alichokitaka, alikata kipande cha sampuli, akamtaka mwenye duka asaini kwenye pembe ya kipande hicho. Siku ya kufunga mzigo alikaa juu ya kiti cha plastiki ghalani, akilinganisha kila robota na kile kipande kabla halijashonwa.

Mzigo ulipofika Dar ulikuwa ndio huohuo aliouchagua. Wenye hoteli na kumbi za harusi walianza kumfuata dukani, na Abbasi akaja kumwomba warudiane kikazi.

"Hapana, kaka yangu," alimjibu, akaendelea kukunja pazia.

Sasa wanaokwenda China mara ya kwanza hupita kwake kuuliza. Wiki iliyopita alikuja Jacqueline, mjane anayeuza mashuka mtaa wa jirani wa Gerezani. Alisema anatamani kwenda, ila wakwe zake wanasema mwanamke aliyefiwa na mume hasafiri peke yake nchi za mbali.

"Pasipoti unayo?" Severa alimuuliza.

"Ninayo."

"Basi Jumatatu tunaenda kuomba viza. Wakwe utawaambia ukirudi."