Lori la Jeshi Uani Kwetu

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Ujiji wakisimulia habari ya lori mpaka leo wanamfanya makanika, na makanika hakuwa. Cherehani yake ilikaa barazani kwetu, mtaa wa Kasingirima, akashona kanzu, sare za shule na foronya, na kazi ikiwa nzito alishona matanga na maturubai. Turubai ndilo lililompeleka Mwandiga.

Kule Mwandiga, nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja wa michikichi, kulikuwa na lori la jeshi la Mwingereza, la ile vita kuu ya pili. Askari waliliacha, mfanyabiashara mmoja akalinunua kubebea mawese, likamfia mikononi, naye akaondoka zake Uhuru ulipoingia. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Mume wangu alisikia turubai lake bado zima, akapanda baiskeli kwenda kulinunua. Jioni akarudi mikono mitupu. Nikamuuliza turubai liko wapi. Akasema ameliacha juu ya lori, hakupenda kulivua. Nikadhani jua limempiga.

Baada ya hapo nikawa namwona anashona sare za watoto wa yule mkulima, gauni za mkewe, mpaka suti ya harusi ya mdogo wake, na pesa sizioni. Kumbe ndiyo ilikuwa bei. Siku ya kulileta, wanaume walilifunga kamba, matairi yamejazwa nyasi kwa kuwa hayakushika upepo tena, na kwenye mteremko wa kuja Gungu kazi yao ikawa kulizuia, si kulisukuma. Kazi yangu mimi ilikuwa kupika. Nilipika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka wa kutosha watu wa harusi, huku natukana kimoyomoyo, na kimoyomoyo kilipochoka nikatukana kwa sauti. Lori liliingia uani kwa kubomoa ukuta wa choo. Mama mkwe akaniambia nivumilie, wanaume wengine huleta mke wa pili. Nikamwambia mke wa pili angenisaidia kupika.

Basi ikawa hivyo. Akimaliza kushona, akisali alasiri, anakwenda uani. Aliifungua ile injini kipande kimoja kimoja akivipanga juu ya mkeka, kama anavyopanga vipande vya nguo iliyokatwa, na ole wake mtoto apite na mpira. Asichokijua aliwauliza madereva wa pale stesheni, na walikuja kumwonyesha kwa sababu ya chai yangu. Mafuta ya kuzuia kutu yalikuwa hayapatikani madukani, akalipaka mawese. Lori zima! Lilinukia jikoni tupu, siafu wakaja wakalifanya kwao, tukakesha tunawamwagia majivu. Nilicheka siku ile, sikatai. Alicheka na yeye.

Kila aliyepita aliuliza lile dude ni la nini. Atabeba mizigo? Hapana. Atauza? Hapana. La nini basi? Akawajibu, "La kulitazama." Hata mimi nilijibiwa hivyohivyo, na nilimuuliza mara nyingi kuliko wao. Nilimwona hana akili nzuri. Lakini nilimwona pia anavyokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, analitazama, na mtu yule hakuwa akikaa hivyo popote pengine. Hilo lilinikera, nasema kweli. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo.

Vipuri vilitoka ng'ambo. Baba yake alikuwa mtu wa Kongo aliyevuka ziwa zamani, akaoa Ujiji, na jamaa zake waliendelea kuja na kurudi na biashara ya dagaa. Kule Wabelgiji walikuwa wameacha magari yao ya jeshi yakioza. Basi ndani ya gunia la dagaa tunakuta kabureta, safari nyingine plagi, safari nyingine taa imefungwa kwenye kitenge. Na miaka hiyo ng'ambo kulikuwa na bunduki. Watu walivuka kila juma na vitanda vyao, na wakubwa wa hapa walikuwa macho, wanauliza nani kaja na kaleta nini. Nilimwambia mume wangu akome. Akasema amebakiza taa moja tu.

Kilichotuponza hasa ilikuwa rangi. Alikwangua ile rangi ya buluu ya mfanyabiashara kwa kigae cha chupa, akakuta kahawia, akakwangua, akakuta kijani cha jeshi, na kwenye boneti namba nyeupe za wenyewe. Akafurahi kama kaona mwezi wa Idi. Akaenda kutafuta kijani kilekile, akalipaka lote, na zile namba akazirudishia kwa brashi, moja moja, pale pale zilipokuwa. Nikamwambia alipake nyekundu, alipake rangi ya maembe, alipake chochote. Akaniambia hiyo ndiyo rangi yake.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kunywa chai kama kawaida yake. Akaona lori, akaona namba. Chai hakuimaliza. Juma lilelile wakaja watu wakamchukua mume wangu barazani, sindano bado iko kwenye nguo ya watu.

Walimweka ndani. Nikawa napeleka chakula, napokewa sahani mlangoni, narudishiwa sahani mlangoni. Habari nilizipata kwa askari mmoja aliyesoma na kaka yangu. Walimuuliza lori la jeshi analitengenezea askari gani, na vipuri anatumiwa na nani. Akasema hakuna askari. Wakasema basi ni biashara, anataka kuwa bwana mkubwa wakati wenzake wanajenga Ujamaa. Akasema si biashara. La nini, ndugu? Akasema analipenda. Walicheka kwanza, yule askari aliniambia, halafu wakaacha kucheka, wakaona anawafanya watoto. Na kila walipomrudia, jibu lilikuwa lilelile. Kichwa maji yule mwanaume! Kaulizwa na watu wenye funguo za mlango, anawajibu kama anavyowajibu wapita njia.

Halafu askari akaniambia neno lililobaki. Walikuwa wanasema kwamba mtu mwenyewe asili yake ng'ambo, basi dawa yake ni kumvusha. Mume wangu alizaliwa Ujiji. Kule hakuwa na kitanda wala mlango, na waliovushwa hatukuwa tunasikia habari zao tena.

Siku ya pili yake wakaniita mimi. Nilivaa baibui yangu nzuri. Njiani nilijaribu kuogopa nikashindwa, nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia shingoni, natembea tu. Chumbani walikuwa wakubwa watatu na feni isiyozunguka. Wa katikati akaniuliza kwa upole kabisa lile lori ni la nini.

Nikasema, "Ni la kijiji. Mume wangu analitengeneza ili alikabidhi kwa kijiji cha Ujamaa. Alitaka liwe siri mpaka liwake, asije akaaibika."

Sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka nikaona linakaa vizuri. Yule mkubwa akamtazama mwenzake. Wakaniuliza vipuri je, nikasema ndugu zake wa ng'ambo wamechangia maendeleo. Wakaagiza aletwe. Aliingia, amekonda, ndevu zimeota ovyo, wakamwambia, mkeo ametueleza yote, kwa nini ulijisumbua ndugu yetu, unyenyekevu gani huu? Ni kweli lori ni la kijiji?

Akanitazama. Nikamtazama. Nikawa nahesabu mapanga ya ile feni.

Akasema, "Ndiyo. La kijiji."

Wakampa mikono. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na nilipomwekea maji ya kuoga akasema ahsante, kama mgeni.

Walimwachia alimalize. Akalimaliza. Alifanya kazi safi, kazi ya fundi anayemaliza nguo ya mteja, haangalii saa wala hapigi mluzi, na ile ndoo sikumwona akiikalia tena. Injini ilipowaka mara ya kwanza mtaa mzima ulimiminika uani, watoto wakaruka, mama mkwe akapiga vigelegele. Yeye akasikiliza kidogo, akaizima, akaenda kunawa. Nilikuwa nangoja nifurahi. Sikufurahi. Sikusikitika pia. Nilikwenda kupika.

Siku ya kukabidhi kulikuwa na ngoma na hotuba. Mume wangu akaitwa mfano wa kuigwa. Alilipeleka mwenyewe mpaka kijijini, ndiyo safari pekee aliyoliendesha, akampa mwenyekiti wa kijiji ufunguo, akarudi amepandishwa baiskeli ya mtu. Kesho yake asubuhi aliendelea na ile nguo aliyoiacha na sindano, hakuwa ameigusa tangu achukuliwe.

Na lori lilifaa, nisiwe mwongo. Lilibeba muhogo, lilibeba mabati ya zahanati, lilimfikisha hospitali mjamzito aliyekuwa amekata tamaa, na mtoto yupo. Turubai walilikata wakafanya mikeka ya kuanikia. Namba walizifuta wakaandika jina la kijiji. Watu wakija mjini walinisimulia, wakamwombea mume wangu dua. Nami nilimfikishia dua zao, akaitikia amina.

Halafu lori likazima katikati ya mavuno. Mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe Ujiji, mzee mwenye heshima zake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaeleza kwamba wameita mafundi wawili, wote wameshindwa, na mahindi yako shambani yananyeshewa. Akamwomba mume wangu waende wote, ni kuligusa tu.

Mume wangu hakuondoa mguu kwenye kanyagio. Akasema, "Mimi fundi cherehani, mzee wangu. Magari siyajui."

Mzee alidhani utani. Akacheka, akasubiri, kisha akanigeukia mimi, mwenye sifa ya kusema. Nikamwambia amesikia mwenyewe. Akaaga kwa adabu akaenda zake, na mimi nikaja kusimama mbele ya cherehani. Nilikuwa na hasira, na ulikuwa muda mrefu sijahisi kitu chochote, karibu niishukuru.

Nikamwambia, "Umemwongopea mtu mzima. Hakuna msumari wa lori lile usioujua."

Alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno.

"Sijaongopa," akasema. "Nililolijua mimi lilikuwa la kulitazama. La kijiji fundi wake ni wewe, mama watoto."

Alikuwa amekaa barazani kwake, Kasingirima, hajavushwa, uzi uko mdomoni. Ndicho nilichokwenda kukiomba siku ile na baibui yangu nzuri, nikapewa hichohicho, na zaidi ya hapo sikupata kitu.